Biti Ishirini na Nne na Jogoo wa Jirani

Sijui ni nani aliyeamua kwamba mtu anayetaka kurekodi kaswida ya watoto wa madrasa lazima kwanza afanyiwe usaili. Umeshawasha kompyuta, umeshachomeka saundi kadi, maiki iko kwenye stendi, watoto wamepangwa kwa urefu na wawili wameanza kusukumana, ustadhi amekohoa kikohozi chake cha mwisho. Hapo ndipo programu inapokutolea kidirisha: biti 16, biti 24, au biti 32 floti? Haisemi ipi nzuri. Haisemi ukikosea utafanywa nini. Imetulia tu, na wewe umesimama mbele ya watu waliolipa nusu ya malipo, unajikuna shingo kama mtu mwenye mawazo mazito.

Nina chumba cha nyuma hapa Ngamiani, Tanga, ambacho watu wenye huruma hukiita studio. Magodoro ukutani, zulia la marehemu shangazi sakafuni, dirisha moja lililozibwa kwa blanketi. Humo huingia kwaya, kaswida, wagombea udiwani, na siku hizi vijana wanaosoma hadithi kwa sauti ili wenzao wazisikilize ndani ya basi. Hakuna hata mmoja aliyewahi kuuliza kama chumba kina hewa. Wanachouliza ni hiki: "Fundi, hapa mnarekodi biti ngapi?" Mtu hawezi kutofautisha maiki na tochi, lakini biti anazijua. Kazisikia kwa mtu ambaye naye kazisikia kwa mtu.

Basi nijibu mara moja, nisiendelee kusimamishwa sokoni na kapu mkononi.

Sauti ikiingia kwenye kompyuta hupimwa maelfu ya mara kwa sekunde. Kwenye CD ni mara 44,100, kwenye kazi za video ni mara 48,000. Hizo ni habari za kupima mara ngapi, na leo sina ugomvi nazo. Biti ni habari ya kila kipimo kimoja kinachukuliwa kwa uangalifu gani. Chukua duka la mtaani lenye mizani ya mawe. Mwenye duka akiwa na jiwe la kilo moja peke yake, ukitaka sukari kilo na robo atakupimia kilo, ukitaka kilo na robo tatu atakupimia mbili, na kila siku mmoja wenu ataondoka kaonewa. Kumwongezea biti ni kumletea jiwe jingine, dogo nusu ya lile dogo la mwisho. Biti 8 zina ngazi 256. Biti 16 zina ngazi 65,536. Biti 24 zina ngazi 16,777,216, na mwenye duka wa namna hiyo anaweza kukupimia sukari punje kwa punje mpaka maghribi.

Yale makosa ya kukadiria ndiyo yanayosikika kama kelele chini ya wimbo. Kila biti moja ikiongezeka, kelele hiyo hushuka kwa desibeli 6 hivi. Kwa hiyo biti 16 zinakupa nafasi ya desibeli 96 hivi, kutoka ukelele mkubwa kabisa mpaka mnong'ono unaozama. Biti 24 zinakupa 144.

Hiyo 144, jamani, ni ya kwenye karatasi. Sikio la binadamu lenyewe, kutoka sauti ndogo kabisa inayosikika mpaka ile inayouma, lina nafasi ya desibeli 120 na kidogo. Na vyombo vyenyewe vinavyogeuza sauti kuwa namba, hata vile vizuri vya bei ya kiwanja, huishia kwenye 120 na ushee. Maana yake ni kwamba katika biti 24 zilizochapwa juu ya boksi kwa herufi za dhahabu, tatu au nne za mwisho zinahesabu kwa uaminifu mkubwa mtetemo wa umeme ndani ya chombo chenyewe. Umenunua biti za kurekodi joto la waya. Dukani hawakuambii hilo, na ukiwauliza wanakuonyesha boksi.

Lakini tuyaache maboksi, twende chumbani kwangu, kwenye ukweli wa Ngamiani. Kwa kipimo cha simu, ambacho najua si mizani ya serikali, usiku mwema chumba kile kina kelele ya desibeli 40. Mwimbaji mwenye kifua, akisogea kwenye maiki, anafika 95. Toa 40 kwenye 95, zinabaki 55. Gawa kwa 6: biti tisa na chenji. Hizo ndizo biti zinazomhusu mwimbaji. Nyingine zote, kumi na tano kwa hesabu ya boksi, zinafanya kazi ya kuhifadhi friji ya mke wangu, feni ya jirani, bodaboda wanaobishana nauli kwenye kona, na jogoo.

Jogoo huyo alinunuliwa kwa ajili ya harusi. Harusi ikaahirishwa, jogoo akabaki, akapewa na jina. Hana saa. Anawika saa nne asubuhi, anawika alasiri, anawika mtu anapovuta pumzi ya kuanza beti la pili. Na lazima niseme ukweli, kwenye biti 24 anatoka vizuri ajabu. Unasikia mpaka zile mbawa zinavyopigwa kabla hajafungua mdomo. Nina rekodi zake ambazo maktaba yoyote ya ndege ingezipokea kwa mikono miwili. Nilipokwenda kwa jirani kuzungumza habari ya jogoo, aliniuliza kwa upole, "Kwani mitambo yako haina uwezo wa kumtoa?" Nikamwambia mitambo yangu ina biti 24. Akasema, "Basi ongeza."

Kila mtu anasema ongeza. Mtaa mzima unaamini kwamba biti ni dawa: zikizidi, ugonjwa unapona.

Pamoja na malalamiko yote hayo, mimi narekodi kwa 24, na anayekuja kwangu na kompyuta yake namwambia aweke 24 asisumbue watu. Sababu yake haina uhusiano na utamu wa sauti. Sababu ni akina mama wa sauti ya kwanza.

Kwenye namba kuna dari. Kipimo cha juu kabisa kinaitwa sifuri, na juu ya sifuri hakuna kitu. Hakuna namba ya kuandikia. Kanda za zamani zilikuwa na huruma, ukizidisha zilibanwa kidogo kidogo na wengine waliupenda huo mbano. Namba hazina huruma. Wimbi likigonga dari linakatwa kichwa, linakuwa bapa, na ukisikiliza ni ule mpasuko unaoujua kwenye spika za msibani.

Sasa fikiria mama wa sauti ya kwanza katika kwaya. Unamwambia, "Mama, tujaribu sauti, imba kama utakavyoimba." Anakuangalia kama mgeni aliyekaribishwa chakula mara moja tu, anaimba kwa aibu, kama anabembeleza mtoto wa mtu mwingine. Unapandisha maiki. Unamuuliza, "Ndiyo hivyo hivyo, Mama?" Anasema, "Hivyo hivyo, baba." Unawasha. Beti la kwanza ni la hivyo hivyo. La pili ni la hivyo hivyo. Kwenye la tatu limemfika jambo, amefumba macho, mkono umepanda, na ile sauti inayotoka haikuwepo kwenye mazungumzo yetu. Taa nyekundu inawaka inakataa kuzima. Unasimamisha, unaomba warudie, na mwenyekiti wa kwaya anakuambia kwa huzuni ya kweli, "Fundi, ule mguso haurudiwi."

Enzi za mashine za biti 16, fundi alikuwa katikati ya hofu mbili. Ukirekodi chini sana unazichezea biti zako chache na kelele inapanda. Ukirekodi juu, mama wa sauti ya kwanza anakukata kichwa. Kwa hiyo mafundi walining'inia karibu na dari, mkono kwenye kitufe, jasho mgongoni. Kwenye 24 unaacha nafasi. Weka vilele vya wimbo desibeli 12 chini ya dari, hata 18 ukiwajua waimbaji wako. Umetupa biti mbili, tatu. Na zitupwe! Zimebaki ishirini na moja, ambazo ni zaidi ya chombo chenyewe kinachoweza, na mbali mno zaidi ya chumba chenye jogoo. Ukishamaliza unapandisha sauti kwenye kompyuta polepole, huku unakunywa chai. Hiyo ndiyo faida nzima ya biti 24, na imeniongezea miaka ya kuishi kuliko dawa yoyote ya presha.

Huwezi kumwambia hilo prodyuza wa mtaa wa pili. Huyu ni kijana mzuri, ananiita "mzee wangu", ananisalimia vizuri, lakini amekula kiapo kwa biti 32 floti. "Mzee wangu," ananiambia, "floti haipasuki. Unaweza kurekodi hata bomu." Nikamuuliza saundi kadi yake ni ya biti ngapi. Akaenda kuangalia chini yake. Ilikuwa 24.

Nieleze, maana floti ni kitu kizuri kinachosifiwa mahali pasipo pake. Namba ya floti ina sehemu mbili: biti 24 zinashika usahihi na alama ya juu au chini, na biti 8 zinashika ukubwa, zinahamisha nukta mbele au nyuma kadiri namba inavyokua au inavyopungua. Kwa hiyo nafasi yake inapita desibeli 1,500, kiasi ambacho hakuna kitu duniani cha kukijaza, hata mlipuko wa volkano. Ndani ya programu ya kuhariri hiyo ni neema. Audacity, ambayo nusu ya studio za vyumba vya nyuma zinaitegemea kwa sababu haiuzwi, hufanya kazi kwa floti bila hata kukusumbua. Ukipandisha wimbo ukavuka dari, hujapoteza kitu. Unaushusha na vichwa vya mawimbi vipo salama. Ukichuja, ukikuza, ukififisha, ukichanganya, kila hatua ni hesabu, na kila hesabu ina chenji ya kukadiria. Kwenye biti 16 chenji hizo zinarundikana mpaka zinasikika. Kwenye floti ni ndogo mno hata jogoo hazioni.

Lakini kurekodi ni jambo jingine. Tangu mwaka 2019 zimekuwepo mashine za kurekodi, kama Zoom F6 na MixPre za Sound Devices za toleo la pili, ambazo kila maiki inaingia kwenye vigeuzi zaidi ya kimoja kwa pamoja, kimoja cha sauti ndogo na kingine cha sauti kubwa, na mashine inaviunganisha katika faili moja la floti. Hapo ni kweli, taa nyekundu imestaafu. Ingawa hata hapo, maiki yenyewe ikizidiwa na kelele imezidiwa, floti haimfuati mtu mpaka ndani ya maiki. Ama ukiwa na saundi kadi ya kawaida ya biti 24, mpasuko umeshatokea mlangoni. Kuuhifadhi kwenye floti ni kuuhifadhi uharibifu kwa usahihi wa hali ya juu.

"Sasa kwa nini programu inaniruhusu kuchagua?" kijana akauliza.

Hilo, mwanangu, ndilo ninaloliuliza siku zote.

Tena floti inakula. Saa moja ya stirio kwa sampuli 48,000 ni megabaiti 691 kwenye biti 16, gigabaiti moja na kidogo kwenye 24, na gigabaiti 1.38 kwenye 32. Utasema diski ni rahisi siku hizi. Njoo umwambie hivyo mke wangu, ambaye anazijua diski zangu zote kwa rangi na kwa tarehe ya kununuliwa. Halafu faili la WAV la kawaida haliwezi kuvuka gigabaiti 4. Kwa floti ya stirio hizo ni saa tatu na dakika chache. Maulidi ya Tanga, ndani ya saa tatu, bado watu wanatafutiana mikeka.

Kuna mteja mwingine nimwekee kiti chake maalumu hapa. Alikuja na wimbo kwenye simu, MP3 iliyotumwa kutoka kundi hadi kundi mpaka imechoka, matoazi yanatoa sauti ya karatasi. Akasema anataka nimpandishie uwe wa biti 24.

"Kaka, huu ukishushwa umeshushwa," nikamwambia. "Nikiufanya 24, nitaongeza masifuri nyuma ya kila namba. Utakuwa mzito, basi."

"Lakini utakuwa 24?"

"Utakuwa 24."

"Itaandikwa hivyo?"

"Itaandikwa."

"Basi nipandishie."

Nikampandishia, kwa bei kamili. Akausikiliza kwa visikizi vyangu, akatikisa kichwa kwa raha, akasema sasa anasikia mpaka gitaa la besi. Sikumnyima furaha yake. Mtu akishalipa, anasikia.

Wala si yeye tu. Mwaka 2007 Wamarekani wawili, Brad Meyer na David Moran, walichapisha jaribio lao katika jarida la chama cha wahandisi wa sauti. Walichukua rekodi za hadhi ya juu, zile za wenye spika ndefu kama makabati, wakazipitisha kwa siri kwenye kifaa cha biti 16 na sampuli 44,100, kisha wakawauliza wasikilizaji: hii ndiyo safi au ndiyo iliyopitishwa? Katika majaribio 554, majibu sahihi yalikuwa 276. Hiyo ni asilimia 49.8, yaani ungepata matokeo yale yale kwa kumpa mtoto arushe sarafu. Tofauti ilijitokeza pale tu walipofungulia sauti kupita kiasi ndani ya chumba kimya, wakasikia ile kelele ya chini. Chumba kimya! Nipeni hicho kwanza, biti tutazizungumza baadaye.

Hata hiyo 16 yenyewe ilipatikana kwa mabishano. Philips na Sony walipokaa kutengeneza CD, Philips walitaka biti 14, na kigeuzi cha 14 walikuwa wameshakiunda. Sony wakang'ang'ania 16. Sony wakashinda, na CD ilipoingia sokoni mwaka 1982, mashine ya kwanza ya Philips bado ilikuwa na kile kigeuzi cha 14, kikisaidiwa kwa ujanja wa kuzidisha sampuli mara nne ili kifikie usafi wa 16. Watu wakanunua, wakasema hawajawahi kusikia sauti safi namna hiyo. Simu za mezani za kidijitali nazo zilikuwa na biti 8 tu, zikipimwa mara 8,000 kwa sekunde, na watu wameposana kwa simu hizo, wamesutana, na wameelewana vizuri sana.

Na tukirudi nyuma zaidi? Siti binti Saad alipokwenda Bombay kurekodi mwaka 1928, sahani zile za santuri, kwa mikwaruzo yake, ukizipima kwa hesabu ya leo hazijazi biti saba. Kaseti za taarab za Black Star na Lucky Star zilizopigwa hapa hapa Tanga mpaka utepe ukakonda, kaseti nzuri kwenye mashine nzuri ni biti tisa hivi, na hatukuwa na mashine nzuri. Nikiletewa kaseti kama hizo kuzihamishia kwenye kompyuta nazipokea kwa biti 24, maana chama cha kimataifa cha hifadhi za sauti, IASA, kinataka isipungue hapo, na kina hoja: huwezi kujua kesho kutakuwa na chombo gani cha kusafishia, kwa hiyo hifadhi hata mkwaruzo kama ulivyo. Ninatii. Ila nikikaa pale nikamsikiliza mwimbaji Shakila akipita katikati ya mvumo wa utepe, ninapata hasira na vijana wa biti.

Kumebaki kituko cha mwisho cha fani hii, kinaitwa ditha. Umerekodi kwa 24, umehariri kwa floti, sasa unataka kutoa faili la biti 16 la kupeleka kwenye CD au redioni. Yale mawe madogo manane lazima yaondoke. Ukiyakata tu, mahali ambapo wimbo unafifia kuelekea kimya panakuwa na chenga, sauti inatetereka kwa hatua hatua. Kwa hiyo wanachofanya ni kuongeza kelele. Ndiyo, umesoma vizuri. Baada ya mapambano yote na kelele, unamwaga kelele kidogo kwa makusudi. Mwenye duka wetu, aliyebaki na jiwe la kilo moja, anafanywa mkono utetemeke. Ukitaka kilo na robo, mara tatu anakupimia kilo moja, mara ya nne anakupimia mbili. Kila siku kakosea, lakini ukijumlisha mwisho wa mwezi umepata haki yako kamili. Sikio linajumlisha hivyo hivyo. Chenga zinageuka mvumo laini usiobadilika, na mnong'ono uliokuwa unapotea unasikika chini yake.

Ditha hufanywa mara moja, mwisho kabisa, siyo kila unapohifadhi faili. Prodyuza wa mtaa wa pili huifanya kila anapokwenda kula. Na mimi nikiwa mkweli kwa wateja wangu, ningewaambia kwamba kwenye rekodi za chumba changu hata haihitajiki: feni ya jirani inavuma mfululizo chini ya kila wimbo, kwa kiwango kinachozidi ditha yoyote. Imeshaifanya kazi hiyo bila malipo. Jambo hilo sijamwambia jirani, asije akaleta ankara.

Sasa kazi imekwisha, biti zimepangwa, kwaya inataka mali yake. Mwenyekiti wao ni mwalimu mstaafu wa hesabu, mtu wa suruali ya mstari na kalamu mfukoni. Nilimpa fleshi yenye nyimbo zote katika WAV ya biti 24, jinsi walivyoomba wenyewe siku ya kwanza. Kesho yake alikuwa mlangoni.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Gari inasema hakuna wimbo."

Redio nyingi za magari ya umri wa gari la Mwalimu zinasoma WAV ya 16, zikiona 24 zinajifanya hazijaona. Nikamwambia asiwe na wasiwasi, akakaa kwenye kigoda, nikaanza kuyageuza mafaili mbele ya macho yake. Akasogeza miwani.

"Unafanya nini hapo?"

"Nazipunguza, Mwalimu. Kutoka 24 kwenda 16."

Akanyamaza. Namjua Mwalimu, kimya chake kina hesabu ndani yake.

"Umetoa nane," akasema. "Nane katika ishirini na nne ni theluthi."

"Ni theluthi, Mwalimu."

"Salio letu lilikuwa elfu tisini."

Nikaanza kueleza. Nikaeleza nafasi chini ya dari, nikaeleza mama wa sauti ya kwanza, nikaeleza kwamba kazi ya zile nane ilishafanyika siku ya kurekodi na sasa zinaweza kupumzika. Nilipofika kwenye ditha akainua mkono, kama anavyowainulia watoto waliotoa jibu refu la swali fupi.

"Na wanakwaya wanataka kwenye simu zao. Hiyo nayo utatupa?"

"Nitawapa MP3, Mwalimu."

"Yenyewe ina biti ngapi?"

Hapa mtu mwenye busara angetaja namba yoyote. Lakini kazi hii ina maadili yake. "MP3 haina biti za namna hii, Mwalimu. Haihifadhi vipimo vyenyewe, inahifadhi maelezo ya sauti, na kichezeo ndicho kinachoamua kuitoa kwa biti ngapi."

"Haina kabisa?"

"Haina."

Akachomoa kalamu mfukoni, akafungua daftari la kwaya, akapiga mstari.

"Basi hiyo ya simu ni bure," akasema, "na hii ya gari tutazungumza."